Dume Aliyekubali Kushikwa

Asubuhi ya Jumamosi, kabla ya saa mbili, Theodora alipitisha mkono kati ya mbao za zizi, akainua kope la dume aliyeitwa Mjumbe, na Mjumbe akamwacha. Hakurusha kichwa wala hakupiga kwato. Alisimama tu, mdomo wa chini umelegea, mate yakimchuruzika hadi chini.

Theodora alikuwa katika mwaka wake wa tisa kama afisa mifugo wa kata, na wikiendi hii kazi yake ilikuwa kukagua madume wote kabla hawajaingizwa ulingoni. Alikuwa ameshakagua saba. Wawili walitaka kumbana mkono, mmoja alimchapa mkia usoni. Wa nane ndiye huyu, ambaye watu walitoka Manyoni na Singida mjini kuja kumwona, kwa sababu kwa miaka minne hakuna mtu aliyemaliza sekunde kumi mgongoni kwake. Marehemu Mansuri, mwenye dume, alimwita Mjumbe kwa kuwa tangu akiwa ndama alizoea kuingia nyumba za watu bila hodi.

Mashindano ya Ihanja hufanyika kila Julai, alizeti ikishavunwa. Mwaka wa kwanza yalifanyika nje, dume mmoja akaruka uzio na kwenda kusimama katikati ya barabara kuu, malori yakapanga foleni hadi jioni. Tangu hapo yakahamia ndani ya ghala la zamani la alizeti. Katikati wanamwaga maranda, pembeni wanapanga mabenchi ya kuazima kanisani na shuleni, na upande wa nyuma kuna vizimba vya mbao ambamo mpandaji humkalia dume kabla mlango haujafunguliwa. Wapandaji ni watu wanaoishi kwa kazi hiyo. Wanatoka Meatu, Hanang, Kishapu, wengine hapa hapa wilayani Ikungi, na kila mmoja anakuja na kamba yake. Mlango ukifunguka, ghala zima linahesabu kwa sauti. Ukifika kumi ukiwa bado juu, umeshinda.

Mwaka jana ghala lilihesabu hadi sita. Hapo Mjumbe alianguka, na Deo wa Mkiwa, aliyekuwa mgongoni, akawa chini yake. Alifariki siku ya pili. Watu walisema maranda yalikuwa yamelowa, dume akateleza. Fomu iliyosema dume ni mzima ilikuwa na saini ya Theodora.

Sasa aliliachia lile kope, akazunguka upande wa pili wa zizi. Alute, mchungaji wa siku nyingi wa familia ya Mansuri, alikuwa amekaa juu ya debe akichonga fimbo.

"Amekula?" Theodora akamuuliza.

"Amekula vizuri, daktari. Na amelala vizuri."

"Jana alikuwaje?"

Alute aliendelea kuchonga. "Jana alikuwa amechoka na safari. Kutoka mjini hadi hapa kwenye gari, ng'ombe anachoka."

Theodora akapapasa shingo ya dume. Upande wa kushoto, chini kidogo ya sikio, manyoya yalikuwa yameshikana, na alipoyatenganisha akaona tone la damu iliyokauka. Kulikuwa na tundu la sindano. Hakumwambia Alute alichokiona. Alisimama pale akiwaza shingo ile, upande ule ule, na mkono aliouona juu yake jana saa kumi alasiri.

Ulikuwa mkono wa Melkizedeki. Alikuwa mpandaji wa Ihanja mwenyewe, mwanaume wa miaka thelathini na mbili, mkimya, goti lake moja limefungwa bendeji siku zote. Ijumaa mchana kura ilipopigwa, karatasi yake ilitoka na jina la Mjumbe. Alasiri Theodora alimkuta ameegemea zizi hili peke yake, mkono ameupitisha ndani, anamshika dume shingoni. Alipomwona Theodora aliutoa mkono haraka, akasema "Shikamoo," akaondoka. Wakati ule Theodora aliona ni mtu anayemzoea mnyama wake. Asubuhi hii aliona kitu kingine.

Alikwenda moja kwa moja kwa Urbano, mwenyekiti wa kamati, aliyekuwa mlangoni akielekeza vijana wapi pa kuweka spika.

"Mjumbe amechomwa dawa," Theodora alisema kwa sauti ya chini. "Ile ya kumlegeza ng'ombe tunapotaka kumshona au kumkata pembe. Haingii ulingoni."

Urbano alimshika kiwiko, akamvuta nyuma ya spika. "Daktari, watu wameshaanza kukaa. Nusu yao wamekuja kwa ajili ya dume huyo mmoja."

"Nimekwambia amechomwa."

"Basi si ametulia? Akitulia si ndiyo hakuna atakayeumia?"

"Hatulii, anapoteza miguu. Anaruka hajui anatua wapi. Mwenye akili yake akianguka anajaribu kusimama. Huyu akianguka, anabaki hapo hapo juu ya mtu."

Urbano alimtazama kwa muda, na Theodora akaona kabisa kile kinachopita kichwani mwake, kwamba mwaka jana saini ilikuwa ya huyu huyu anayesema leo. Hakukisema. Aliuliza tu, "Nani?"

Theodora akamweleza alichokiona jana. Baadaye alijuta kwamba hakuchukua hata dakika tano kukaa na kuwaza. Lakini aliogopa, na mtu mwenye hofu akishapata jina la mtu hataki kuliachia.

Wapandaji walikuwa kwenye chumba cha mizani, wanafunga viganja vyao kwa vitambaa. Urbano aliingia, akasema anaomba kuona mfuko wa Melkizedeki. Melkizedeki aliuangalia mfuko, akamwangalia Theodora aliyesimama mlangoni, akausukuma mbele kwa mguu.

"Angalia wewe, daktari," Urbano alisema. "Wewe ndiye unayezijua dawa."

Theodora aliumwaga juu ya meza. Ilitoka kamba, glavu moja ya ngozi, shati la kubadilisha, Agano Jipya dogo lenye jalada lililochanika, bendeji, na kichupa kisicho na lebo, chenye majimaji mazito. Aliposhika kile kichupa wapandaji waliacha kufunga viganja vyao.

"Hii ni nini?"

"Mafuta ya nyonyo. Ya kulainisha glavu."

Theodora alifungua, akanusa, akapaka kidogo kidoleni. Yalikuwa mafuta ya nyonyo. Lakini alikuwa amechelewa. Mpandaji wa Kishapu aliyekaa karibu alikuwa ameshachukua mfuko wake na kuuhamishia upande wa pili wa chumba, na wengine wawili wakafanya vivyo hivyo. Urbano akasema Melkizedeki asubiri nje ya orodha hadi jambo hili liishe. Hakuna aliyeuliza litaisha vipi.

Melkizedeki alirudisha vitu vyake mfukoni kimoja kimoja. Theodora alimfuata nje hadi kwenye ukuta wa ghala, ambako upepo wa Julai ulikuwa unasukuma vumbi na makapi ya alizeti.

"Jana nilikuona," alisema. "Mkono wako ulikuwa shingoni mwake."

"Uliniona. Hukuniuliza nilikuwa nafanya nini."

"Nakuuliza sasa."

"Sasa umeshamwaga mfuko wangu."

Melkizedeki alifunga zipu ya mfuko, akaifungua, akaifunga tena.

"Mwaka jana mimi nilikuwa wa kwanza kufika alipolala Deo," alisema hatimaye. "Nilipiga magoti. Suruali yangu haikulowa. Maranda yalikuwa makavu, daktari. Nilimwambia Urbano, akasema nina uchungu wa rafiki yangu, nipumzike. Sasa jana kura imeniangukia mimi. Nikaenda kumwangalia huyu ng'ombe ana nini. Nikapitisha mkono nikijua nitautoa mbio. Akaniacha nimshike. Mjumbe, akaniacha. Hapo ndipo nilipoogopa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ndiye uliyesaini mwaka jana," Melkizedeki alisema. "Ningejuaje uko upande gani?"

Aliondoka na mfuko wake begani. Theodora alibaki ukutani.

Kwamba dume alikuwa amelegea tangu jana alasiri lilikuwa jambo jipya kwake, na kadiri alivyolifikiria ndivyo lilivyomtisha. Dawa ile haikai mwilini kutwa na usiku mzima. Kama Mjumbe alikuwa amelegea jana saa kumi na leo amelegea tena, basi amechomwa mara mbili, na ya pili ni ya asubuhi hii. Uani kwenye mazizi pana mlango mmoja. Jioni mgambo huufunga, na asubuhi haruhusu mpandaji yeyote kupita mpaka ukaguzi umalizike. Wanaopita ni wenye madume na wachungaji wao. Tundu lile la sindano halikuweza kuwa kazi ya Melkizedeki.

Alirudi kwa Alute. Debe lilikuwa pale, fimbo ilikuwa pale, mwenyewe hayupo. Mgambo wa mlangoni alimwambia mzee ametoka kwenda kumwona bosi wake, ambaye gari lake liko nyuma ya ghala tangu alfajiri.

"Tangu alfajiri?"

"Aliingia saa kumi na moja na nusu. Alisema anataka kumwona dume wa marehemu mume wake. Ningemkatalia vipi?"

Mwanabaraka alikuwa amekaa ndani ya gari la mizigo, mlango wazi, chupa ya kahawa mapajani. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, wa familia ya wafanyabiashara wa Singida mjini, na tangu Mansuri alipofariki mwezi wa tatu ndiye aliyekuwa akiendesha duka lao la dawa na vifaa vya mifugo. Alute alikuwa amesimama kando ya gari. Alipomwona Theodora aliondoa macho yake, na Theodora akajua kwamba mzee anajua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi. Kunywa kahawa."

"Nitakunywa baadaye. Mama, Mjumbe amechomwa sindano."

Mwanabaraka alifunika chupa yake taratibu. "Kuna watu wabaya," alisema. "Hao wapandaji wanaweza kufanya lolote. Nimesikia mmeshampata."

"Tumemsingizia. Aliyefanya aliingia uani leo kabla ya jua."

Alute aligeuka, akaanza kuondoka. Mwanabaraka akamwambia kwa upole, "Kaa tu, Alute. Wewe huna kosa." Kisha akafungua mkoba, akatoa kichupa kidogo cha kioo na bomba la sindano lililofungwa kwenye leso, akaviweka kwenye kiti katikati yao.

"Nilimpa kidogo," alisema. "Jana kidogo, nione atakavyokuwa. Leo nikaongeza. Nilikwenda Mkiwa mwaka jana, kwenye msiba. Mama yake yule kijana alinipa maji ya kunywa kwa mikono yake, hakunisema hata kwa neno moja. Tangu siku ile kila nikimwona huyu ng'ombe namwona yule mama. Ningemuuza, lakini Mansuri alisaini na kamati miaka mitano, na wakwe zangu wananiangalia naharibu nini. Nikaona bora nimpunguze nguvu. Aruke kidogo, mtu amalize sekunde zake, ashuke salama, aende kwao." Alimwangalia Theodora. "Andika ana homa. Mtoe kwa homa, mimi nimrudishe nyumbani, hakuna atakayeuliza. Na wewe hutapata shida."

Theodora aliwaza kwamba ni kweli. Homa ingeandikwa kwa mstari mmoja. Angetia saini, watu wangenung'unika, na mchana wangesahau. Angebaki Melkizedeki peke yake na mfuko wake, na kila ghala atakaloingia wenzake wangehamisha mifuko yao.

"Mama, ungeua mtu," alisema. "Hii dawa haimpunguzi nguvu, inampunguzia miguu. Anaruka akiwa nusu usingizini. Anaanguka, na akianguka haamki haraka. Uzito wote ule unabaki juu ya mtu."

Ndani ya ghala walikuwa wanajaribu kipaza sauti, mtu anasema moja, mbili, moja, mbili.

"Sema tena," Mwanabaraka alisema. "Anaanguka?"

"Anaanguka na haamki."

Mikono ya Mwanabaraka iliinuka kutoka mapajani, ikashika ukingo wa ushungi wake, ikabaki pale.

"Mwaka jana kamati walimwandikia Mansuri," alisema polepole. "Kwamba dume wake akivunja kizimba tena, wanamfuta. Wiki ile Mansuri akanifundisha kipimo cha dawa hii. Nilidhani ni ya duka, ili nijue kuwaeleza wateja. Jumamosi yake alfajiri aliniambia nimshikie kichupa. Nilimshikia. Mimi mwenyewe nilimshikia. Baada ya msiba alikuwa hali chakula. Nikimuuliza, anasema ni presha. Hakulala vizuri hata siku moja mpaka anakufa."

Alute alichuchumaa pale pale alipokuwa, akainamisha kichwa. Theodora aliegemea mlango wa gari. Alikuwa akijaribu kukumbuka Jumamosi ile ya mwaka jana, dume kwa dume. Walikuwa ishirini na wawili, na alikuwa na haraka kwa kuwa mtoto wake alikuwa na malaria nyumbani. Alipofika kwa Mjumbe alimkuta ametulia, akashukuru, akasaini. Hakugusa kope.

"Mama," alisema, "mimi naingia ndani kusema. Siwezi kuandika homa."

"Ungoje kidogo nijifunge ushungi vizuri. Nitakuja mwenyewe."

Theodora alipanda kwenye jukwaa dogo la mtangazaji saa nne. Mabenchi yalikuwa yamejaa na watu wengine walikuwa wamesimama kwenye magunia. Alisema Mjumbe ameondolewa kwa sababu amechomwa dawa ya kulegeza, na aliyemchoma si mpandaji yeyote. Akasema yeye mwenyewe alimtuhumu Melkizedeki mbele ya wenzake bila ushahidi na alikosea, na mfuko wa Melkizedeki haukuwa na kitu chochote kibaya. Sauti yake ilitoka kwenye spika zote nne. Mwanabaraka alikuwa amesimama nyuma yake. Hakuzungumza na umati. Aliwaambia kamati, kwenye chumba cha mizani, mlango umefungwa, na Urbano alitoka humo akiwa amevua kofia.

Watu hawakupiga makofi. Mwanaume mmoja wa mabenchi ya mbele alisema kwa sauti ya kusikika kwamba hawa wameshaelewana, kuna mtu amelipwa. Mwingine akasema dume hana tatizo lolote, wamemficha ili wamlete kesho. Baadhi waliondoka. Wengi walibaki, wakahesabu sekunde za madume waliokuwepo, lakini kila dume aliyekuwa mpole kidogo walimzomea, na kila mpandaji aliyefika kumi walimtazama kwa jicho la pembeni.

Melkizedeki alipewa dume mwingine siku ya Jumapili. Alianguka kwenye saba, akainuka, akatoka akichechemea. Theodora alimfuata kwenye bomba la maji ambako alikuwa ananawa vumbi usoni.

"Naomba unisamehe," alimwambia.

Melkizedeki alijifuta kwa mkono wa shati. "Ulisema kwenye spika, nilisikia. Lakini yule wa Kishapu leo tena hakuweka mfuko wake karibu na wangu. Sijui kama atauweka tena." Akafunga bomba. "Mama Mwanabaraka amenieleza ya mwaka jana. Aliniita, akanieleza yote. Mama yake Deo anapaswa kujua."

"Nitakwenda kesho."

"Tutakwenda wote," alisema. "Nataka nisikie utakavyomwambia."

Jumatatu waliondoka kila mtu na pikipiki yake, Theodora mbele. Mama yake Deo aliishi mita mia mbili kutoka njia panda ya Mkiwa, na waliwakuta yeye na binti yake wanapepeta alizeti uani. Walisalimia, wakapewa viti. Theodora alieleza bila kuruka kitu, ya Mansuri, ya Mwanabaraka, na mwishoni ya kwake.

Mama alisikiliza ungo ukiwa magotini.

"Kwa hiyo ng'ombe alikuwa amelala siku ile?"

"Nafikiri hivyo, mama. Siwezi kuapa. Kuna jambo ningepaswa kuliangalia machoni mwake, sikuliangalia. Nilikuwa na haraka."

"Watu walisema Deo alilewa," mama alisema. "Kwamba ndiyo maana hakuruka pembeni. Hata kanisani walisema. Mwaka mzima nimekuwa najiuliza kama nilimlea vibaya." Binti yake akaacha kupepeta. "Hayo uliyoniambia, umeyaandika mahali?"

"Bado. Naandika leo, napeleka wilayani."

"Na la kwako la haraka utaliandika?"

"Nitaliandika."

"Ukishaandika niletee, binti yangu anisomee."

Theodora aliandika kurasa tatu, na Jumatano alizipeleka Mkiwa kabla hajazipeleka Ikungi. Wiki ya pili aliitwa wilayani kujieleza. Alisimamishwa kazi miezi mitatu, kisha akarudishwa. Mwanabaraka alikwenda polisi mwenyewe akiwa na ile leso na vilivyomo, na mambo yake yalikuwa bado yanaendelea mwaka ulipokwisha. Mjumbe hakuchinjwa. Alute aliomba abaki naye, akakubaliwa, na waliopita karibu na boma lake wanasema dume yule siku hizi haruhusu mtu kumkaribia.

Melkizedeki aliacha kupanda. Hakusema ni kwa sababu ya goti au kwa sababu nyingine. Kamati ilipoamua kwamba kuanzia mwaka unaofuata madume watakaguliwa na watu wawili, mmoja wa serikali na mmoja wa wapandaji, jina lake ndilo wapandaji walilopendekeza. Yule wa Kishapu hakuinua mkono.

Julai ilipofika walikutana uani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Theodora na kalamu, Melkizedeki na tochi. Walisalimiana bila maneno mengi. Kwa kila dume Theodora aliinua kope, akaangalia, akasogea pembeni, na Melkizedeki akasogea na tochi yake kuangalia tena lile lile jicho.